Barua kwa mwanangu: Uzee una mwenyewe

Katuba, Lubumbashi, mwezi wa kumi

Mwanangu, mama,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho usiku sana, umeme uliporudi na simu ikapata chaji. Unasema kwenye filamu ya huko Kolwezi wamekupa mwigizaji kijana wa miaka 26 umpake rangi awe mchimbaji mstaafu wa miaka 75, na katika onyesho moja awe na miaka 40. Umemchora mistari kwenye paji la uso na kando ya mdomo, umempaka poda nyeupe kichwani, na mtu wa kamera akakuambia anaonekana kama mtoto aliyechezea makaa. Ukaniuliza: “Mama, ninyi mlifanyaje kwenye michezo ya runinga? Na nywele nazifanyaje?”

Kwa simu ningesahau nusu. Ndiyo maana naandika, uwe unaisoma tena sponji ikiwa mkononi.

Kwanza weka brashi chini. Huyo mzee ni nani? Miaka 75 peke yake haina sura. Mama aliyeuza samaki sokoni kwa miaka 40 hazeeki kama padri, na padri hazeeki kama mtu wa tanuru. Nkambo wako, baba yangu, alifanya kazi kwenye tanuru la shaba hapa hapa, aliingia wakati kampuni ya migodi ikiitwa Union Minière, akatoka ikiwa Gécamines. Nilipokuwa msichana nilikuwa namnyoa ndevu kila Jumamosi, na uso wake naujua kwa vidole. Juu ya paji la uso, pale kofia ya kazi ilipokaa, ngozi ilikuwa laini na nyeupe kidogo kuliko chini. Kando ya macho alikuwa na mikunjo mingi upande wa kulia kuliko wa kushoto, kwa sababu ya kufinya jicho akitazama moto. Kwenye mikono, alama ndogo ndogo za cheche, zimeng'aa kama magamba. Ukucha mmoja ulikuwa umekufa. Ukimpa kijana wako vitu vitano kama hivyo, watazamaji watamwamini kabla hujagusa mstari hata mmoja.

Sasa nikueleze kwa nini mistari yako ilikusaliti. Vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa kwa ngozi nyeupe, ambayo jua huipasua mapema ikajaa mikunjo myembamba. Melanini yetu, ile rangi nyeusi ya ngozi, hutukinga, kwa hiyo mikunjo hiyo kwetu huchelewa. Kinachoondoka kwanza ni nyama ya chini. Panda za uso, pale kati ya jicho na sikio, zinabonyea, macho yanaingia ndani, shavu linateremka hadi kwenye utaya, midomo inapungua unene, ncha ya pua inashuka, ndewe za masikio zinarefuka. Rangi nayo inaacha kuwa moja: kuzunguka macho panakolea, kando ya mdomo panakolea, katikati ya shavu panabaki peupe. Na wazee wetu wengi wana vile vijivimbe vyeusi vidogo kama punje za mtama, kwenye mashavu na kando ya macho. Bibi yako alikuwa navyo, ulikuwa ukivihesabu ukiwa mapajani mwake.

Kwa hiyo anza na mabonde na vilima. Mkalishe kijana chini ya taa moja inayotoka juu, umguse fuvu: mfupa uko wapi, shimo liko wapi. Kwenye shimo weka kivuli, kwenye mfupa weka mwanga. Usiguse rangi ya kijivu, mwanangu. Kijivu juu ya ngozi nyeusi kinageuka majivu, na kijana wako atakuwa maiti badala ya mzee. Kivuli chako kitoke kwenye kahawia nzito yenye wekundu ndani, au zambarau iliyokolea kama bilinganya. Mwanga wako utoke kwenye shaba na dhahabu iliyofifia, kamwe usitoke kwenye nyeupe. Kisha futa kingo zote hadi usijue rangi imeanzia wapi. Kamera za siku hizi zinaona kila kitu; mstari uliokuwa unapita kwenye runinga zetu za zamani leo unaonekana kama barabara.

Shingo usiisahau. Masikio pia, nyuma na mbele. Na mikono, nakuomba, mikono! Nimeona mzee mwenye uso mzuri kabisa akinyoosha mkono kupokea chai, na mkono ni wa mvulana wa sekondari.

Ukihitaji mikunjo ya kweli, inayosogea mtu akicheka, tumia lateksi ya maji, ule utomvu wa mpira. Lakini siku moja kabla umpake tone ndani ya mkono, ungoje saa 24. Kuna watu mpira unawavimbisha, wengine unawabana hata pumzi. Akiwashwa, acha kabisa, baki na rangi. Ngozi yake ikiikubali, asubuhi anyoe ndevu, aoshe uso, asipake mafuta wala vazelini, kwa sababu vazelini inakula mpira. Mahali pekee pa vazelini ni kwenye nyusi na mwanzo wa nywele, ili mpira usishike pale. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilisahau nyusi za mwigizaji mmoja, jioni nikavuta, nusu ya unyusi ikaja na mpira. Alinyamaza, machozi yakamtoka, na kesho yake alikuwa na harusi ya dada yake. Mpaka leo nikikutana naye namwangalia unyusi kwanza.

Kazi yenyewe ni hivi. Vuta ngozi kwa vidole viwili, uivute kukatisha mkunjo unaoutaka: ukitaka mikunjo ya kusimama, vuta kwa upana. Dondosha lateksi kwa kipande cha sponji kilichochanwa, usikate kwa mkasi, maana ukingo ulionyooka unaacha alama. Macho ayafumbe, ile harufu ya amonia ni kali. Huku ukiendelea kuvuta, kausha kwa kikausha nywele chenye upepo baridi. Umeme ukikatika, mtu apepee kwa kipande cha katoni. Inachukua muda lakini inafika. Ikikauka, pakaa poda ukiwa bado umevuta, halafu ndipo uachie. Usipopaka poda mpira utajigundisha wenyewe, na utarudia. Ngozi ikirudi mahali pake inajikunja, na hapo utaona mzee anakuja taratibu. Rudia mara mbili au tatu, zaidi ya hapo inakuwa ngozi ya tembo. Kwa mikono, afunge ngumi, upake, ukaushe, utie poda, afungue. Lateksi ikikauka ina umanjano na ukungu, kwa ngozi yetu inaonekana mara moja, kwa hiyo juu yake lazima upake rangi tena, isiyo ya mafuta ya vazelini. Jioni itoke kwa maji ya vuguvugu na sabuni, polepole, hata kama gari linapiga honi nje.

Mashavu yanayoteremka na nyama ya chini ya kidevu lateksi hiyo haiwezi. Hapo wakubwa wa kazi wanachukua umbo la uso wa mtu kwa kalibu na kutengeneza vipande vya silikoni, jelatini au povu la mpira. Unakumbuka Un prince à New York, tulivyoiangalia kwenye kaseti kwa jirani? Yule kinyozi mzee na yule mzee Mzungu anayebishana naye, wote wawili ni Eddie Murphy, na mwaka ule wa 1988 alikuwa hajafika miaka 30. Baba yako alikataa kuamini mpaka kifo chake. Fundi wake alikuwa Rick Baker. Lakini fundi ninayemfikiria zaidi ni Dick Smith wa Marekani. Katika filamu ya The Exorcist ya 1973 yule padri mzee ni Max von Sydow, ambaye alikuwa na miaka 44 tu. Watu walitoka sinema wakidhani wamemwona mzee wa kweli. Smith hakuvika mtu kinyago kimoja kizima. Alikuwa akitengeneza vipande vidogo vyembamba vinavyopandana, kila kimoja na mahali pake, ndipo uso ukabaki unacheza. Huna fedha ya povu la mpira, najua. Chukua tu ile akili ya vipande vidogo: kidogo chini ya jicho, kidogo shingoni, katikati uache ngozi yake mwenyewe ipumue.

Nywele sasa, ambazo ndizo zilikufanya ulie.

Poda na unga acha. Tulianza na unga wa mahindi sisi pia, mwigizaji akatokwa jasho chini ya taa, kichwa kikawa na ugali. Wengine walitumia pemba, ule udongo mweupe, kwa sababu ilikuwepo na ni nyeupe. Lakini hapa Katanga mtu akiona pemba kichwani anafikiria mizimu na tambiko, hafikirii mvi. Na zote mbili zinaanguka mabegani mtu akigeuka.

Mvi ina mpangilio wake. Kwa wanaume wengi inaanza kwenye panda za uso na kwenye kidevu, inapanda juu, kisogo kinabaki cheusi hadi mwisho. Na kwa watu weusi huchelewa. Wengi wetu hatuzioni sawasawa kabla ya kupita miaka 40. Kwa hiyo kwenye lile onyesho la miaka 40 usimtie mvi, labda nyuzi tatu za ndevu. Mnenepeshe kidogo mwilini kwa nguo, umpe uchovu chini ya macho, inatosha. Nywele moja yenye mvi haina rangi ya kijivu, imepoteza rangi yake tu. Kijivu tunachokiona ni nyeupe na nyeusi zikiwa pamoja. Ndiyo maana ukipaka kijivu kichwa kizima kinakuwa kama kofia.

Chukua rangi nyeupe ya krimu, uivunje kwa tone la manjano na tone la kahawia, maana nyeupe tupu chini ya taa hizi za LED inaota ubuluu. Tumia mswaki wa zamani, karibu mkavu, upitishe kinyume cha nywele zinavyolala, uguse ncha tu. Nywele zetu za kipilipili zinakusaidia: kila kifundo kinashika rangi juu na kuacha weusi chini, na hicho ndicho kina unachokitafuta. Nyusi zipate kidogo kuliko kichwa. Kope usiguse.

Kuhusu upara, kofia ya mpira kwa joto hili la mwezi wa kumi itakuangusha. Jasho litajikusanya chini na ukingo utafunguka saa sita mchana. Nenda kwa wakubwa wa filamu, uwaombe wapige kwanza lile onyesho la miaka 40. Likiisha, kwa ridhaa yake, umnyoe pembe za mbele na utosi kwa wembe, halafu uvitie vivuli vya shaba. Hakuna wigi itakayoshinda hiyo. Wakikataa, uniambie nitawaandikia.

Ndevu zipandikize kwa mkono. Nimekwenda kwa kinyozi wetu wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, nikamwomba mabaki ya wazee wenye mvi, akaniwekea wiki mbili. Nimeziosha mara nne, nimezitia spiriti, nimezianika. Anza chini ya kidevu ukipanda juu, safu nyembamba kwa safu, gundi ikiwa imeanza kunata, ukibonyeza kwa kitambaa chenye unyevu. Usijaze. Ndevu za mzee zina mapengo.

Meno yapake rangi ya meno, kahawia kidogo karibu na fizi. Wazee wengi wana duara jeupe kuzunguka mboni, lakini lenzi za macho ni kazi ya daktari. Wewe usimtie mtu chochote machoni.

Utamhitaji kitini kwa muda wa saa tatu, basi waambie mapema ili wasikufokee. Jasho usifute, libonyeze kwa karatasi laini. Anywe kwa mrija. Kabla ya siku yenyewe, mpige picha chini ya taa zile zile, na kila siku umpige mbele, pande zote mbili, kisogo na mikono, uandike kwenye daftari kila rangi na kila mahali. Maonyesho mawili yanayofuatana kwenye filamu yanaweza kupigwa kwa siku kumi za tofauti, na kile kijivimbe cha shavu la kushoto hakiruhusiwi kuhama.

Mzigo umeondoka leo na basi la asubuhi. Ndani kuna mfuko wa mvi, miswaki mitatu, rangi ya krimu, na picha mbili za nkambo: moja amevaa kofia ya kazi, nyingine ameketi mlangoni mwaka aliofariki. Ziweke mbele ya kijana wako apate kuzisoma, lakini asizishike kwa mikono yenye gundi, na zirudi kwangu. Sina nyingine. Jumatano nitumie picha yake ukiwa umemaliza, na nyingine jioni baada ya jasho. Ile ya jioni ndiyo nitakayoiangalia zaidi.

Mama yako