Usinunue sensa ya presha ya dizeli kabla hujakagua waya

Pikapu yangu ilianza kunizimikia kati ya Segera na Muheza, na kila mara ilizimika kwenye matuta. Kwenye lami iliyonyooka haikuwahi kuzimika hata siku moja. Nikipiga stata inawaka palepale, ila taa ya injini inabaki imewaka kwenye dashibodi. Gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa namba P0193, wakaniambia sensa ya presha kwenye reli ya nozeli (bomba nene linalogawia nozeli dizeli yenye presha) imekufa. Nikanunua sensa. Wiki haikuisha, gari likazima tena juu ya tuta. Safari hii wakasema ni pampu kubwa ya presha, na bei waliyonitajia ilizidi ada ya shule ya mwaka mzima. Nikakataa, nikaenda kwa mzee mmoja fundi rewaya (umeme wa magari), Tanga mjini.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba namba ya hitilafu haisemi kifaa gani kimekufa. P0193 inasema voltii zinazofika kwenye kompyuta ya injini kutoka njia ya sensa ya presha zimezidi, basi. Na njia hiyo ni ndefu: kuna sensa, soketi yake, waya tatu (wa voltii 5, wa ethi yaani hasi, na wa kupeleka taarifa), halafu soketi ya kompyuta. Ugonjwa unaweza kukaa popote humo. P0087 na P0088 ni habari nyingine, hizo zinalalamikia presha yenyewe kuwa chini mno au juu mno, na huko ndiko kwenye filta, dizeli chafu na pampu. P0090 hadi P0092 zinahusu umeme wa valvu inayodhibiti presha. Fundi akiyachanganya makundi haya, wewe ndiye utakayelipia vifaa visivyo na kosa.

Kipimo kilichomaliza ubishi hakikuhitaji hata spana. Zima injini, subiri dakika kumi hivi, washa swichi bila kupiga stata, kisha soma presha ya reli kwenye mashine. Injini iliyozimwa haina presha, kwa hiyo usomaji lazima uwe sifuri au jirani kabisa na sifuri. (Ikiwa inanguruma bila mzigo, injini nyingi za komoni reli, yaani dizeli za kisasa zenye reli hiyo, huwa kati ya bar 250 na 400.) Yangu ilisoma sifuri. Mzee akasema, "Mwanangu, wewe usitoe macho kwenye kioo cha mashine, mimi nafuata waya." Akaanza kwenye soketi ya sensa, akawa anaukunja waya kidogo kidogo kushuka nao. Alipofika pale fungu la waya linapopita kwenye kona ya chuma kinachoshikilia bomba, usomaji ukaruka kutoka sifuri hadi juu kabisa. Injini imezimwa! Presha ya namna hiyo isingeweza kutoka popote.

Ulikuwa waya wa ethi. Ganda la nje zima, ndani umekatika, na nyuzi chache zilizobaki zimegeuka kijani. Sisi wa pwani tunaijua hewa ya chumvi inavyokula shaba. Ethi ya sensa ikipotea, voltii za taarifa hupanda kuelekea 5, kompyuta inaona presha isiyowezekana, na gari langu lilikuwa linazimwa kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika na mita. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja utakuonyesha voltii 5 kamili na omu (ukinzani) karibu na sifuri, kwa kuwa mita haivuti mkondo wa maana. Ukitaka ukweli, upe waya mzigo. Chomoa soketi za pande zote mbili, ya sensa na ya kompyuta, kisha pitisha umeme wa betri kwenye waya huo kupitia balbu ndogo ya wati 5. Waya za valvu ya presha hubeba mkondo mkubwa zaidi, kwa hizo tumia balbu ya breki ya wati 21. Mwanga ukififia, waya umeoza. Ukisahau kuchomoa kompyuta, utaiunguza, kwa hiyo hakikisha mara mbili.

Kingine: zikitokea namba za sensa tofauti kwa mpigo mmoja, tuseme ya presha pamoja na ya pedeli ya mafuta, angalia kama zinagawana waya wa voltii 5. Sensa moja ikipiga shoti huziangusha zote.

Na nakuomba sana, usilegeze bomba la reli injini ikiwa inawaka. Mazoea hayo tuliyatoa kwenye dizeli za zamani. Komoni reli hufika bar 1,600 na zaidi, na mchirizi wa dizeli wa presha hiyo hupenya ngozi hadi ndani ya nyama. Tundu huonekana dogo kama la sindano, lakini mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama huumwi.

Mzee alikata waya hadi akafika kwenye shaba inayong'aa, akaunga kipande kipya kwa lehemu, akakivika mpira unaobana kwa joto, akalifunga fungu lote mbali na ile kona. Tukarudia kipimo, akavuta waya kwa nguvu, sifuri haikutikisika. Kisha akaniomba ile sensa ya zamani niliyoambiwa imekufa, akaichomeka kwenye soketi. Nayo ikasoma sifuri, sawasawa na mpya.