Tangazo la Krismasi: kwa wanaoanza kuliandika

Ukikabidhiwa tangazo la Krismasi, usianze na theluji, kengele wala meza iliyojaa vyakula. Anza na mtu mmoja anayetaka kitu, kisha tafuta kinachomchelewesha. Hisia za mtazamaji hukua wakati wa kungoja.

Tazama tangazo la mwaka 2011 la John Lewis, maduka makubwa ya Uingereza. Mtoto anahesabu siku, anagongagonga vidole, anabugia chakula cha mkesha ili awahi kulala. Sote tunadhani ana uchu wa zawadi zake. Asubuhi anazipita zote zilizorundikwa kitandani, anafungua kabati, anatoa boksi lililofungwa hovyohovyo na kuwapelekea wazazi wake. Karatasi ile iliyokunjamana inasema mengi: kaifunga mwenyewe. Na kwa kuwa duka linauza zawadi, hisia na biashara zimekutana palepale.

Ugawe muda mapema. Kwa sekunde 60, mimi ningetoa 10 za kumjua mhusika na hamu yake, 35 za kungoja, 10 za mgeuko, yaani pale kisa kinapobadilika ghafla, na 5 za jina la kampuni. Wageni wa kazi hii hurefusha mwanzo, mgeuko ukabanwa kwenye sekunde 3, nembo ikatokea mtu hajaelewa kilichotokea. Uso wa mhusika ukishaonekana, uache angalau sekunde 2 bila neno. Muziki nao utulie kabla ya mgeuko. Ukipanda mapema, mtazamaji anajua anachotakiwa kuhisi, naye anajikaza.

Kabla ya kupiga picha, msimulie kisa mtu asiyeijua kazi hiyo, bila kutaja kampuni, umuulize ni tangazo la biashara gani. Akisema laweza kuwa la benki, la simu au la bima, rudi mezani. La sivyo watu watalia, kisha watasahau nani aliyewaliza.

Uchungu mzito unahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2015 Edeka, maduka ya vyakula ya Ujerumani, ilionyesha mzee anayewatumia watoto wake habari za kifo chake ili warudi nyumbani. Wakifika wanamkuta hai. Lilisambaa sana, lakini wapo walioona wamechezewa msiba. Sainsbury's, maduka ya vyakula ya Uingereza, mwaka 2014 ilirejea Krismasi ya 1914 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari walipotoka mahandakini na kusitisha mapigano, mmoja akimpa adui chokoleti. Chokoleti hiyo iliuzwa kweli madukani, na faida ikaenda kwa Royal British Legion, shirika la kuwasaidia wanajeshi na familia zao. Hata hivyo wengine walilalamika kwamba vita si chambo cha wateja. Ukigusa jeraha la watu, kuwe na tendo la kweli nyuma yake, na makubaliano na taasisi husika yakamilike kabla ya kamera kuwashwa.

Toleo la sekunde 20 liandike tangu mwanzo, usingoje kulikata kutoka kwenye lile refu. Mhariri aliyebanwa na muda hukata kungoja kwanza, na mgeuko unabaki bila nguvu. Ni heri upunguze wahusika na sehemu za kupigia picha, ubakize hamu moja na kikwazo kimoja.