Akija kijana mrefu mlangoni kuomba pipi, mpe

Jamani mwaka jana usiku wa Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo watoto wa huku wanavaa nguo za maonyesho na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara hapa Des Moines, Iowa, nawasubiri wanangu wawili waliokuwa mlangoni kwa watu, na nyuma yao kasimama kijana wa jirani yangu Mkongo, ana miezi minne tu tangu afike kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, miaka 15, mrefu kama mnazi. Kavaa koti jeupe la udaktari nililomwazimia, na shingoni zile mpira za kusikilizia moyo za plastiki. Mwenye nyumba akawapa wanangu chokoleti, akafika kwa yule kijana akamwangalia kuanzia chini mpaka juu, akamwambia wewe ni mkubwa mno kwa mambo haya, akafunga mlango. Kijana akarudi kwangu taratibu akaniuliza, mama, nimekosea nini? Sikuwa na jibu. Nikamshika bega tukaenda nyumba inayofuata.

Hili jambo limenikaa rohoni mwaka mzima, ndio maana naliandika kabla Oktoba haijaisha, kwa sababu kila mwaka familia mpya zinafika huku na wazazi wananiuliza, hivi mwisho ni miaka mingapi? Wengine wameshatishiwa kwamba mtoto akizidi miaka 12 polisi watamkamata.

Ukweli ni kwamba Marekani haina sheria ya nchi nzima kuhusu umri wa kuomba pipi. Kuna miji michache tu imejitungia. Chesapeake kule Virginia waliwahi kuandika kwamba aliyezidi miaka 12 akikutwa anaomba pipi anaweza kufungwa mpaka miezi sita, watu wakapiga kelele, 2019 wakapandisha umri ukawa 14 na kifungo wakakifuta. Bathurst kule Canada wao waliweka mwisho miaka 16. Hivyo ulizia mji wako, usitegemee alichosikia mtu kazini. Mimi hapa nimekaa miaka tisa na sijawahi kuona mtoto anaulizwa cheti cha kuzaliwa.

Sasa kinachohukumu mlangoni ni macho ya mtu, na macho yanadanganya, hasa yakiangalia watoto wetu weusi. Mwanangu wa kwanza akiwa na miaka 10 alishaambiwa ni wa haiskuli. Na hili sio jambo la pipi peke yake. Novemba 2014 kule Cleveland, Tamir Rice alikuwa na miaka 12, anacheza na bunduki ya bandia kwenye bustani ya watu wote, akapigwa risasi na polisi, na kwenye redio polisi wakasema ni mtu wa labda miaka 20. Kwa hiyo wazazi wenzangu naomba mnisikie kwa hili hata mkiyaacha mengine yote: usimpe mtoto wako bunduki ya bandia usiku ule, hata kama ni ya rangi ya chungwa, hata kama nguo aliyovaa ni ya askari, na ile maski ya kuziba uso mzima iache dukani, mpake rangi usoni inatosha. Mtembee naye. Mwangaza wa tochi, kitu cha kung'aa mgongoni, maana usiku ule magari yanagonga watoto kuliko siku za kawaida. Na koti zito juu ya nguo za maonyesho, Iowa mwisho wa Oktoba baridi haina huruma, usimsikilize akilia kwamba koti linaficha mabawa.

Haya, adabu. Mimi ni wa Kigoma, nimelelewa kwamba unapiga hodi mara tatu, ukiona kimya unaondoka bila kinyongo. Huku hodi inajibiwa na taa. Taa ya mbele ya nyumba ikiwaka maana yake karibu, ikizimwa maana yake leo hatupokei, na usimruhusu mtoto aende kugonga eti tujaribu tu. Ndani inawezekana kuna mgonjwa, au mtoto mchanga kalala, au ni Waislamu au walokole ambao hii sikukuu hawaitaki na wana haki yao. Kengele bonyeza mara moja. Pita njia ya kutembelea, usikate kwenye majani ya watu. Akifunguliwa mlango asalimie, aseme "trick or treat" yake, yale maneno ya kuombea pipi, achukue moja isipokuwa kaambiwa achukue zaidi, aseme asante akimwangalia aliyempa. Ukikuta bakuli limeachwa kibarazani bila mtu, hapo ndipo utajua umelea nini. Wangu wanajua ni moja moja, na nawaambia wafikirie yule mtoto wa mwisho atakayekuja saa mbili kasoro akute bakuli tupu.

Na kama mmehamia Des Moines kuna kitu chetu cha pekee, watoto hapa hawapewi pipi bure, lazima waseme kichekesho kwanza. Mji ulianzisha utaratibu huu tangu 1938 kwa sababu watoto walikuwa wanafanya uharibifu sana usiku wa Halloween, wakatengewa usiku wao wa kuomba, saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, na kwa miaka mingi ikawa tarehe 30 na sio 31, kwa hiyo angalieni tangazo la mji kila mwaka. Wazazi wengi wageni hili hawalijui, mtoto anafika mlangoni anaulizwa kichekesho anabaki ameduwaa. Binti yangu mwaka wake wa kwanza Kiingereza kilikuwa bado, nikamfundisha kitendawili cha bibi yake, nyumba yangu haina mlango, akakitega kwa Kiingereza cha kubabaisha. Mzee wa watu kafikiri, kafikiri, kashindwa, kamwita mkewe naye kashindwa! Binti akasema yai. Walicheka mpaka wakampa pipi tatu, na mwaka uliofuata wakawa wanamsubiri. Tumieni vitendawili vyetu, vipo vingi na watoto wanajivunia.

Nyie mnaogawa pipi nina ombi. Mtoto asiposema neno usimlazimishe, kuna watoto hawaongei kabisa na wengine wamefika nchini juzi. Weka na vitu visivyo vya kula, penseli, stika, mipira midogo, halafu weka boga lililopakwa rangi ya bluu-kijani nje kama ishara kwamba vitu hivyo vipo, wazazi wa watoto wenye aleji wanalijua hilo boga na watakushukuru. Pipi za jeli nyingi zina jelatini ya nguruwe, kwa hiyo ukiwa na majirani Waislamu ambao watoto wao wanatembea, nunua na chokoleti za kawaida.

Kuhusu wakubwa, msimamo wangu ni huu. Kijana wa 13, 14, 16 akija amevaa, amesalimia, hajawasukuma wadogo, hajaja saa tatu usiku watu wamelala, mpe pipi na umsifu nguo yake. Usiku huo angeweza kuwa sehemu mbaya ambayo ungemlilia. Yule aliyekuja bila hata kofia, simu mkononi, mfuko kautanua bila salamu, huyo muulize kichekesho kwanza, akikosa mfundishe kimoja. Nyumbani kwangu nimekubaliana na wanangu kwamba wakifika haiskuli wanaenda kama wasindikizaji wa wadogo, wanavaa, na wakipewa wanapokea kwa mikono miwili. Lakini hayo ni ya kwangu na wanangu, siwezi kumpangia mtoto aliyezaliwa kambini na ambaye utoto wake wa namna hii umeanza akiwa na miaka 15.

Mwaka huu yule kijana kaniomba akae mlangoni kwangu agawe. Ameshakariri vichekesho vinne vya Kiingereza na vitendawili sijui vingapi, na lile koti la udaktari jana kalijaribu, mikono imekuwa mifupi, nimeshusha pindo lote lililokuwepo.