Mume wangu anakoroma, pumzi inakata, na asubuhi uso umevimba

SWALI: Daktari shikamoo. Mume wangu ana miaka 46, ni dereva wa lori. Anakoroma mpaka watoto chumba cha pili wanasikia, ila kinachonitisha ni pale anaponyamaza ghafla, kifua kinahangaika hewa haiingii, halafu anashtuka anahema. Mama mkwe anasema jinamizi. Asubuhi kichwa kinamuuma, uso umevimba, macho mekundu, kazini wanasema anakunywa na wakati pombe hagusi kabisa. Dawa za presha anameza aina tatu na haishuki. Hivi vitu vinahusiana kweli?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Vinaweza kabisa kuwa kitu kimoja, na umefanya la maana kuvitaja vyote pamoja, maana wengi wanakuja kwa ajili ya presha tu na kukoroma hawakusemi, watu wanaamini anayekoroma ndo kalala fofofo.

Unachoeleza kinafanana sana na apnea ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Jinamizi ni kitu kingine, pale mtu anakuwa na akili zake ila mwili umeganda. Kwenye apnea misuli ya koo inalegea mtu akilala, ulimi na nyama za nyuma zinaziba njia ya hewa, kama mrija wa juisi unavyojibana ukivuta kwa nguvu, na wenye shingo nene wako hatarini zaidi (mwanaume ikizidi sentimita 43 tunaanza kuwa na wasiwasi). Pumzi inakata sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unamshtua avute hewa. Hali ikiwa mbaya inatokea mara 30 au zaidi kila saa na yeye asubuhi hakumbuki kitu. Kila akishtuka mwili unamwaga homoni za hatari, mishipa inajikaza, presha inapanda, usiku kucha hivyo hivyo, ndo maana dawa hata tatu hazifui dafu. Ikiachwa inakaribisha kiharusi, moyo kupiga ovyo, na sukari inakuwa ngumu kuidhibiti. Muulize pia kama anaamka kukojoa mara kwa mara, wengi wanadhani tezi dume kumbe ni hii.

Kuhusu sura, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani walipiga picha wagonjwa 20 kabla na baada ya kutumia CPAP, ile mashine inayosukuma hewa kupitia maski usiku. Watu wasiojua picha ipi ni ipi wakaziangalia, na mara nyingi waliona ya baada ya matibabu ndo ya mtu mchangamfu zaidi na kijana zaidi, paji la uso lilipungua uvimbe na wekundu ukapungua. Ila mifuko ya chini ya macho haikubadilika sana, hiyo usimuahidi. Na huo uvimbe tusiutupie apnea peke yake, apimwe figo na tezi ya shingo pia.

Leo usiku mrekodi kwa simu, video ya dakika chache tu, hakikisha inanasa pale anaponyamaza, mwende nayo kwa daktari wa masikio, pua na koo hospitali ya rufaa muulizie kipimo cha usingizi. CPAP ni ghali sikufichi, lakini kama ana uzito mkubwa kuupunguza kunasaidia sana, alale ubavu sio chali, dawa za usingizi asiguse, na za presha asiache hata siku moja.

Kinachoninyima raha mimi ni hilo lori. Akianza kusinzia asidanganyike na kahawa wala kushusha kioo, apaki alale. Na ongeeni na tajiri wake ampe safari fupi za mchana mpaka apimwe, safari ya usiku na hali hiyo hapana, hata kama posho ni nzuri.