Kitabu kipya kikifika skuli, anza kukisoma kwenye mazoezi

Skuli zetu za Unguja na Pemba hupokea vitabu vya ziada, mabango na vijitabu vya mazoezi kutoka kwa wafadhili, wachapishaji na wazazi wenye nia njema, na karibu kila kimoja huandikwa kwenye jalada kwamba kimefuata mtaala. Kwa muda wote niliokaa na walimu wenzangu kuvipitia, nimezoea kutolitegemea dai hilo, wala orodha ya yaliyomo, kwani kunakili mada za muhtasari wa somo hakumshindi mwandishi yeyote.

Ninachokitazama mwanzo ni kitenzi. Muhtasari ukitaka mwanafunzi akokotoe umbali halisi kwa kutumia skeli ya ramani, basi nafungua zoezi la mada hiyo kabla ya kusoma maelezo, nione kama kuna mahali anapokokotoa. Kitabu kimoja tulichokipitia kilikuwa na maelezo mazuri kuhusu maana ya skeli na aina zake, lakini maswali yake yote yalikuwa ya "taja" na "eleza maana". Baya zaidi, ramani yenyewe ilikuwa imepunguzwa ili ienee kwenye ukurasa, huku skeli ya 1:50,000 ikiachwa vilevile, kwa hiyo mtoto akiweka rula, sentimita 2 hazimpi tena kilomita 1. Skeli ya mstari, yaani ile inayochorwa kama mstari wenye alama za umbali, ingesalimika, kwa kuwa hupungua pamoja na ramani. Kasoro kama hii haionekani mpaka mwalimu alifanye zoezi mwenyewe kwa rula na penseli.

Norman Webb wa Marekani, katika kazi yake kuhusu ulinganifu wa mitihani na viwango vya kujifunza, alitaka yaangaliwe mambo manne: mada zilingane, kina cha fikra kilingane, upana wa maarifa utoshe, na uzito ugawanywe kwa uwiano. Kipimo chake cha kina kinahitaji angalau nusu ya maswali yafikie kiwango cha fikra kinachotakiwa na lengo la somo au kukipita. Alikusudia mitihani, lakini mimi hukitumia kwa mazoezi ya vitabu, na hapo ndipo vingi huanguka. Mada hulingana karibu siku zote.

Ni vyema walimu wawili wakipitie kitabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe alama walizokipa, maana wakikaa pamoja tangu mwanzo mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua. Wakishatofautiana, warejee kwenye maneno ya muhtasari, wasibishane kwa uzoefu.

Kitabu chenye pengo si lazima kirudishwe, hasa pale ambapo hakuna kingine. Maelezo ya skeli katika kitabu kile tuliyatumia. Zoezi tukalibadilisha kwa ramani ya Pemba yenye skeli sahihi, wanafunzi wakaifuata barabara ya Chake Chake hadi Wete kwa uzi, kisha wakaunyoosha uzi huo juu ya rula. Badiliko la namna hiyo liandikwe kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha somo, pamoja na nambari ya ukurasa uliorukwa, ili mwalimu atakayelipokea darasa mwakani asianze upya.