Una miaka 23 na umepewa Calaf: usitie saini

Mdogo wangu, usiutie saini mkataba huo. Umeuliza utampataje wakala, uingie mashindano gani, uanze na Kiitaliano au Kijerumani, na katikati ya maswali hayo ukachomeka, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kikundi cha opera kimekupa nafasi ya Calaf, mhusika mkuu wa kiume katika opera ya Puccini iitwayo Turandot, na maonyesho yanaanza baada ya miezi mitatu. Nilipofika hapo niliacha kusoma nikaanza kuandika.

Mimi niliimba Calaf nikiwa na miaka 24. Aliyenivika kilemba cha ukoka ni mwalimu wangu, ambaye alinisikia nikiimba “Nessun dorma”, wimbo maarufu wa Calaf, chumbani kwake, akapiga meza na kutangaza kwamba nina sauti ya kishujaa, yaani yenye nguvu ya kushindana na okestra nzima. Tenori yeyote, yaani mwanamume mwenye sauti ya juu kama sisi, ni shujaa ndani ya chumba chenye piano moja na msikilizaji mmoja anayelipwa kwa saa. Aria hiyo, yaani wimbo wa mtu mmoja, ni ya dakika tatu hivi, nayo huja mwanzoni mwa tendo la tatu. Kabla ya kuifikia unakuwa umeshapambana na kwaya na okestra nzima mwishoni mwa tendo la kwanza, na katika tendo la pili umesimama mbele ya soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, mwenye sauti ya chuma ukimtegulia vitendawili vitatu.

Asubuhi baada ya mazoezi ya mwisho niliamka na sauti nzito ya besi, nikafurahi, nikidhani nimekomaa. Kumbe kano za sauti zilikuwa zimevimba. Noti za juu zilitoka nilipozisukuma kwa nguvu, lakini nilipojaribu kuziimba taratibu ilitoka pumzi tupu, kwa sababu kingo za kano zilizovimba hazikutani vizuri zikipulizwa kidogo, ilhali nguvu huzilazimisha na hivyo kuficha jeraha. Nilimweleza mkurugenzi wa kikundi. Alisema waimbaji wote hupitia hayo, akanipeleka kwa daktari aliyenipa vidonge vya steroidi vya kupunguza uvimbe, nami nikavimeza badala ya kujitoa. Hilo ndilo kosa lililonigharimu kuliko yote, kwa sababu dawa ilinyamazisha dalili na kuniachia mzigo uleule. Onyesho la pili nililiimba vizuri kuliko la kwanza, mkurugenzi akanikumbatia. Katika la tatu, nikiwa kwenye kitendawili cha pili, nilifungua mdomo na noti haikuwepo; hapakuwa na maumivu yoyote, ila ukimya mahali palipopaswa kuwa na sauti. Mshipa mdogo ulikuwa umepasuka ndani ya kano. Nilinyamaza kabisa wiki mbili, nikiwasiliana kwa daftari, na nilikaa mwaka mzima bila kupanda jukwaani, huku nafasi mbili za Nemorino, tenori wa sauti nyepesi katika opera ya Donizetti L'elisir d'amore, ambazo kwa kweli zilinifaa, zikichukuliwa na wengine. Mkurugenzi alinitumia maua. Mwalimu alinitumia ankara ya masomo ambayo sikuhudhuria, na angalau yeye alikuwa mkweli kuhusu alichokithamini.

Basi fanya hivi kabla ya kukubali nafasi yoyote: iimbe yote, tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sauti kamili, pumzika siku moja, kisha iimbe yote tena. Asubuhi inayofuata, kabla hujapasha sauti moto, jaribu noti zako za juu kwa sauti ndogo kabisa. Zikikwaruza au zikachelewa kuanza, nafasi hiyo si yako bado, hata kama mwalimu amevunja meza.

Watakwambia kwamba bahati haibishi hodi mara mbili. Pavarotti, tenori maarufu wa Italia, alianza mwaka 1961 na Rodolfo wa opera ya La bohème, nafasi nyepesi kuliko Calaf, akiwa na miaka 25, na Calaf hakumwimba jukwaani hadi 1977. Miaka 16 yote hiyo hakukosa kazi.

Kuhusu lugha, anza na Kiitaliano. Mkataba uache mezani ufanye jaribio hilo wiki hii, kisha uje uniambie asubuhi ile ulisikia nini. Na mtu yeyote akikushauri umeze kidonge ili uimbe, niandikie kabla hujafungua pakiti.