Mbona sayari changa ndizo zinazopigwa picha?

Swali: Nimesoma kwamba sayari nyingi za nyota nyingine hugunduliwa pale mwanga wa nyota unapofifia kidogo, sayari ikipita mbele yake. Mbona zile changa tunaonyeshwa hadi picha zake? Nilidhani ndizo ngumu zaidi kuonekana.

Jibu: Uchanga wenyewe ndio unaozifichua. Sayari kubwa ya gesi inapojikusanya hupata joto kali, na joto hilo huchukua mamilioni ya miaka kuisha. Kwa hiyo hung'aa yenyewe katika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Mshtarii yetu, yenye umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, imeshapoa. Mtu akiitafuta hivyo kutoka nyota nyingine angeambulia patupu.

Chukua PDS 70, nyota yenye umri wa miaka milioni 5 hivi, iliyo umbali wa miaka nuru 370 hivi. Imezungukwa na sahani ya gesi na vumbi yenye pengo kubwa. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba darubini ya VLT, huko Chile, imenasa sayari ndani ya pengo hilo. Mwaka uliofuata ikapatikana ya pili, iliyojitambulisha kwa mwanga mwekundu wa haidrojeni, ambao hutoka gesi inapoiporomokea sayari na kupata moto. Yaani bado inakula!

Picha moja haitoshi, lakini. Nukta ile huenda ni nyota ya mbali iliyotokea tu kuwa nyuma. Watafiti hupiga tena baada ya muda: nukta ikisogea angani sambamba na nyota, ni ya kwake, isiposogea nayo, inafutwa.

Hiyo njia ya kufifia nayo hutumika, ila kwa nyota changa ni kero tupu. Huzunguka haraka, zina madoa makubwa na hulipuka ovyo. Mwanga wa nyota AU Mic, yenye miaka milioni 22 hivi, huyumbishwa na madoa kuliko na sayari. Kilichosaidia ni muda: nyota hujizungusha kwa siku 4.9 hivi, ilhali sayari hupita kila baada ya siku 8.5 hivi, na mpito wake ni wa saa chache tu. Hivyo ndivyo sayari hiyo, AU Mic b, ilivyochomolewa kwenye vipimo vya darubini ya angani ya TESS na kutangazwa mwaka 2020.

Ila picha hizo zisikudanganye kwamba mifumo michanga yote ina majitu. Njia ya picha hupendelea sayari kubwa zilizo mbali na nyota yake. Ndogo za mawe huzama katika mng'ao.